Mto Wenye Tundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara hii leo kwa sababu nimevumbua kitu, na mvumbuzi lazima aweke kumbukumbu.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara, cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na jina zuri. Mke mmoja, watoto wanne. Wa mwisho tunamwita Kombora. Huyu ni kitindamimba kwa uthibitisho wa daktari. Kuzaliwa kwake nusura kumchukue mama yake, na vidonge vya kuzuia mimba vilivyofuata vilimtesa kichwa mchana na usiku. Mwaka jana nikasema basi, sasa zamu yangu. Nikafunga uzazi. Sijutii. Mshono wenyewe niliukagua kwa kioo. Mdogo, umenyooka, kazi safi.

Ila maumivu! Yalitakiwa yaondoke baada ya wiki. Miezi tisa sasa yako palepale kwenye kinena, upande wa kushoto. Nikikaa sana yananivuta. Nikiinuka ghafla yananivuta. Nikipiga chafya naona nyota. Daktari alisema hutokea kwa wachache, yana tiba, nirudi anipeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sikurudi. Watu wote wanajua naumwa mgongo, maana ndivyo nilivyowaambia, na mtu wa mgongo akionekana kwenye kliniki ya mambo ya uzazi atajibu nini? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi kuzaa nimeacha kwa hiari yangu, kwa hiyo haki ya kuficha ninayo.

Sasa uvumbuzi: mto wa sponji wenye tundu katikati. Kitambaa cha bluu, ukingo nimeupitisha mara mbili. Nimeukalia asubuhi nzima. Raha tupu, au jirani yake.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kauona mto. Huyu ni kaka wa mke wangu, kinyozi, chumba chake kimepakana na changu. Ameingia kuazima kiti, akauokota mto, akauvaa shingoni, akatoka nao kuwaonyesha wateja wake. Wakacheka mpaka mmoja akakatwa sikio kidogo. Nikamwambia ni wa mgongo. Akautazama mto, akanitazama mimi, akasema mgongo wangu siku hizi umeshuka sana.

Wivu tu. Hajawahi kuvumbua hata chanuo.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Kombora akitoka shule ya chekechea na dada yake, zamani alikuwa anaanza mbio tangu kwenye kona, anaingia mlangoni kwangu bila breki, ananirukia mapajani. Ndiyo asili ya jina. Tangu nifunge uzazi nimekuwa nikimzuia. Kwa jora la kitambaa. Kwa ubao wa kupigia pasi. Siku moja kwa mteja. Na sasa kila alasiri Shemeji anatoka nje, taulo begani, anamdaka kabla hajafika mlangoni kwangu, anamrusha juu, mtoto anacheka barabara nzima inasikia. Mimi nimekaa ndani kwenye tundu langu nasikiliza.

Ananiibia mtoto hadharani! Nitamrudisha. Mpango ninao.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kumtangulia Shemeji. Alasiri nikasimama kwenye kona kabisa, kifua mbele, tabasamu tayari. Kombora akatokea. Akaniona. Akashangaa, kisha akaanza mbio kama zamani, mkoba unarukaruka mgongoni. Moyo wangu ukafunguka.

Dakika ya mwisho mikono yangu, bila kunishauri, ikainua ile rula yangu ndefu ya mbao na kuiweka mbele kama kizuizi cha polisi.

Akasimama. Akanikagua kuanzia kichwani kwenda chini. Akamgeukia dada yake akamwambia kwa sauti ya huruma, "Usimguse Baba. Baba ameharibika."

Kisha akapita chini ya rula, akaenda kwa mjomba wake.

Hiyo iliuma kuliko kule kunakouma. Nimerudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali ya mwalimu ukaangalia nje. Namlaumu Shemeji.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja. Amebeba ubao. Ubao kamili, mnene, wa kulalia mtu anayeumwa mgongo.

Namheshimu sana mama huyu. Mbele yake hata neno "kiuno" silitamki, sembuse kinena. Akakaa, akanikazia macho, akasema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nikaitikia kweli mama. Akaniuliza tena, taratibu, kama nina hakika ni mgongo. Nikasema mgongo, mama.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mgongo."

Akaamuru godoro litolewe upande wangu, ubao ukalazwa. Mke wangu akatoka chumbani ameziba mdomo, na nikamsikia huko nje mabega yanamtikisika hadi ukutani. Ananihurumia sana, masikini.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala kwenye ubao. Sasa naumwa mgongo kweli. Angalau si mwongo tena.

Leo mke wangu hakucheka. Amekaa pembeni ya ubao akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Akasema amechoka kunikaribia kwa tahadhari kama anafungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Akasema ananikosa nikiwa humuhumu ndani. Halafu akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Hili jambo tuliliamua wawili. Mbona maumivu unataka kuyamiliki peke yako?"

Nikakichukua kile kikombe, nikainywa chai yote mimi.

Nimekubali kurudi kwa daktari kesho, na kwa huyo mtaalamu wa mazoezi akinituma. Lakini siendi mikono mitupu. Daktari aliwahi kusema nivae chupi inayobeba vizuri. Watu wengine wangeenda dukani. Mimi ni fundi!

Jumatano, 12 Machi

Siku ya fedheha na ushindi, na ushindi ndio mkubwa.

Chupi nimeishona mwenyewe. Kitambaa cha jinzi, tabaka mbili. Ndani, kile kitambaa kigumu cha kusimamishia kola za mashati. Lastiki pana kuliko kiganja. Ubavuni, mkanda wa begi la shule na kifungo chake cha chuma cha kubana. Nimeipa jina Ngome. Asubuhi nikaivaa, nikavuta mkanda, nikasikia mlio wa kufungika. Nikatembea kama afande.

Kufikia mchana nilikuwa napumua kwa zamu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sikujua kama walikuwa mafundi.

Daktari alikuwa amenituma, nami nikafika kwa mtaalamu. Mwanamke! Rika la dada yangu mkubwa, mikono ya mtu anayekanda unga kila siku. Nikafanya nini? Nikamwambia mgongo. Akaubonyeza mgongo, akasema ni kweli umeumia, nimelalia nini? Nikasema ubao. Akasema niutupe. Kisha akaniambia nilale chali, nikunje goti.

Ngome ikalia kama bawaba kavu. Akauliza ni nini hicho. Nikasema nguo ya ndani. Akasema niilegeze. Nikajaribu. Kifungo kimejifunga, hakitaki. Akajaribu yeye. Hakitaki. Akachukua mkasi wa kukatia bandeji, butu kabisa! Nikamwomba afuate mshono, asikate kitambaa katikati, na aanzie kwenye pindo. Akaniomba ninyamaze. Ule mshono nimeupitisha mara tatu. Alitoka jasho. Sifichi, nilijivuna.

Ngome ilipofunguka, nilivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Halafu akauliza kwa upole, sasa, baba, panauma wapi hasa? Darini kulikuwa na doa la maji. Nikaliambia lile doa. Kufunga uzazi, miezi tisa, kushoto, mtoto, rula, yote. Hakucheka. Akasema faili la daktari amelisoma kabla sijaingia, alikuwa ananingoja tu. Akasema ningeshangaa kujua ni wanaume wangapi wanaokuja na tatizo hilihili wakisema ni mgongo. Wengine huja na goti.

Kisha akanieleza. Jeraha lilishapona zamani, ila misuli ya nyonga haijapata habari. Kutwa nzima inajikaza ikingoja pigo, na kujikaza kwenyewe ndiko kunakouma, na mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Dawa ni kuifundisha kulegea. Nilale, magoti juu, nipumue tumbo lijae taratibu, nihisi huko chini kunaachia. Nisikae muda mrefu, niinuke nitembee. Maji ya uvuguvugu jioni. Chupi laini ya dukani. Daktari ameniandikia na kidonge cha kutuliza hiyo mishipa. Akasema itachukua muda. Akarudia neno muda.

Vipande vya Ngome nimeomba nipewe. Kuna mahali pa kurekebisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefikiri. Kama zoezi moja linasaidia kidogo, mazoezi ya mwezi mzima yakifanywa asubuhi moja yatamaliza kazi. Hesabu rahisi. Nimepumua, nimelegeza, nimenyoosha, nimechuchumaa, nimepumua tena.

Jumapili, 16 Machi

Siwezi kuinuka. Mtaalamu kaambiwa na mke wangu kwa simu. Kajibu kwamba kulegea hakufanywi kwa mabavu, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimempelekea ujumbe kwamba guu ni zima.

Jumanne, 18 Machi

Shemeji kavuka mipaka. Nimefika kazini nikakuta meza yangu ya kukatia imepanda juu ya matofali, miguu yote minne. Eti nikate nguo nikiwa nimesimama, nikae kwa cherehani tu, tena kidogokidogo. Nani kamwambia? Namjua huyu. Anataka nisimame kutwa kama yeye, watu wapite wadhani na mimi ni kinyozi.

Meza, lakini, iko kimo kizuri. Nimeiacha kwa ajili ya wateja.

Alasiri kamdaka Kombora kama kawaida. Alikuwa na mteja amenyolewa nusu kichwa. Kamwacha hivyohivyo kwenye kiti kwa tamaa ya kuniibia mwanangu. Mtu huyu ana chuki ya ajabu.

Jumanne, 8 Aprili

NIMEPIGA CHAFYA!

Hakuna kitu. Hakuna nyota. Nikamwita mke wangu aje aone. Akasema chafya haionekani ikishapita. Nikanusa pilipili nikapiga nyingine mbele yake, na nyingine ya akiba. Hakuna kitu! Alicheka mpaka akakaa chini, na safari hii nilijua ni kicheko, maana nami nilikuwa nacheka.

Nafanya mazoezi kama nilivyoagizwa, kidogo kila siku, kwa sababu mke wangu hukaa pale akinitazama. Kidonge namezeshwa kama mtoto. Ubao umetolewa, tumeufanya rafu ya sufuria. Godoro limerudi. Na mimi nimerudi kwenye godoro. Mengine hayaandikwi.

Jumamosi, 3 Mei

Jana yalirudi. Nilikaa kushona gauni bila kuinuka, nikajikuta nimejikaza tena, na kuvuta kule kwa zamani kukaanza. Niliogopa sana. Nilidhani yote yamekwenda bure na Kombora ataolewa kabla hajanikumbatia.

Asubuhi nikaenda kwa mtaalamu, akasema njia ya kupona haijanyooka kama ukingo wa meza yangu. Siku mbaya itakuja na itapita. Niinuke, nitembee, nipumue. Leo imepita. Kabla sijatoka akanifundisha kitu kingine: namna ya kumpokea mtoto anayekimbia. Goti limekunjwa kidogo, mwili nimeugeuza upande, nimdake kwenye ubavu, na nitoe pumzi anapofika. Akanifanyisha kwa mto wa kliniki. Alinirushia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 16 Mei

Leo naandika polepole.

Asubuhi Shemeji kaingia bila kuazima kitu. Akasema kuanzia leo hatoki tena. Nikamuuliza kutoka kwenda wapi. Akasema, "Kumdaka Kombora, shemeji. Mimi nimechoka. Sasa mgongo unaniuma, na wangu ni mgongo kweli."

Akanieleza. Kumbe dada yake, yaani mke wangu, alimwambia wiki ileile niliyofunga uzazi. Alimwomba amkinge mtoto asije akanirukia na kunitonesha. Kwa hiyo kila alasiri, mteja au hakuna mteja, amekuwa akisimama pale na taulo lake kama golikipa. Na matofali je? Dada yake. Na mama mkwe? Anajua vilevile. Nikauliza, sasa ule ubao! Akasema walimuuliza mama, naye akajibu kwamba mtu mzima akishaamua anaumwa mgongo, basi tumtibu mgongo.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na maneno. Halafu nikamkumbuka yule mteja wa nusu kichwa, na mikono ya Shemeji ikimrusha mwanangu juu, mbali na mimi, kwa ajili yangu. Nikasema asante. Ilitoka ndogo. Akasema haina neno, na kwamba mto wangu alikuwa anautaka kwa mteja mwenye bawasiri.

Alasiri nikatoka mwenyewe. Mlango wa kinyozi umefungwa, ingawa niliona pazia linacheza. Kombora akatokea kwenye kona. Akanitazama mikono. Haina rula, haina jora. Akabaki amesimama mbali, ameshika mkono wa dada yake.

"Umetengenezwa?" akauliza kwa kupaza sauti, barabara nzima.

Nikamwambia nimetengenezwa.

Akauachia mkono wa dada yake. Nikakunja goti. Nikageuka upande. Nikatoa pumzi. Akaja bila breki, akanipiga ubavuni, nikamdaka, nikayumba, nikasimama. Huko chini kulivuta kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega kukusalimia, kukaacha. Mwanangu amekuwa mzito! Miezi yote hiyo alikuwa anaongezeka na mimi sikujua. Akanishika masikio, akaniambia nanuka chaki. Nililia pale barabarani, mchana kweupe, na sijali nani aliona. Pazia la kinyozi lilikuwa limefunguka kabisa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetafakari kwa utulivu na sasa naona mambo yote wazi.

Kwanza, Shemeji amekiri kushindwa. Alijaribu kumchukua mtoto, akachoka, akasalimu amri. Mwenye subira hushinda.

Pili, aliyeniponya ni nani? Mimi. Msingi uliwekwa na mto wenye tundu, na Ngome ikafuatia. Mtaalamu naye ana mchango wake, simnyimi, hasa upande wa kupumua. Lakini wazo la kubebwa vizuri lilikuwa langu, na ulimwengu umejaa wanaume wanaojifanya wanaumwa mgongo. Watu hawa wanahitaji fundi. Leo alfajiri nimeanza kushona Ngome ya Pili, kwa wingi, kwa ajili ya kuuza. Kifungo nimekihamishia nyuma. Matofali nimeyatoa, yalikuwa yananifanya nionekane kinyozi. Nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga asubuhi yote bila kuinuka hata mara moja, maana mvumbuzi akiinuka wazo nalo huinuka.

Mchana kukaanza kuvuta kidogo. Kushoto. Si kitu. Nadhani ni kiti.

Shemeji akachungulia, akaniona nimeuma midomo, akauliza nina nini. Nikamwambia goti. Mke wangu akaleta chakula, akauliza mbona nimekaa upandeupande. Goti, nikasema. Wakatazamana. Shemeji akarudi kwake, na ulipofika muda wa watoto kutoka shule nikamwona amesimama nje mlangoni kwangu, taulo begani, ameshika kiuno, anaangalia kwenye kona.

Jioni salamu zimefika kutoka kwa mama mkwe. Anakuja kesho na dawa ya kuchua goti, na vibao viwili vya kulifungia. Anauliza ni goti lipi. Swali dogo kabisa. Tatizo ni kwamba Shemeji nilimwonyesha la kulia, mke wangu la kushoto, na sasa nachechemea yote mawili kwa tahadhari.